Bei ya Kaunta na Bei ya Miaka Mitatu

Muuzaji alikuwa keshafungua boksi, kaitandaza mashine ya presha juu ya kaunta na kumvalisha shangazi mkanda kabla hata hatujaelewana bei. Mashine ikavuma, ikakaza, ikatoa namba. "Umeona mama? Inasoma vizuri kabisa. Elfu hamsini na tano tu, na betri nakuwekea bure." Shangazi akaanza kufungua pochi. Nikamuuliza yule kijana: mkanda ukichanika, unauzwa peke yake? Akanitazama kama nimemuuliza bei ya kivuli. "Kaka, ukichanika unanunua mashine nyingine. Ndivyo zilivyotengenezwa hizi."

Jibu lake lilikuwa la kweli, na ndilo lenye gharama. Kiwanda kilichogandisha mpira wa hewa moja kwa moja kwenye mashine, badala ya kuweka tundu la kuchomeka na kuchomoa, kimejiokolea visenti. Siku mpira utakapotoboka, wewe utalipia mashine nzima. Ile ya kwanza, pampu yake nzima, saketi yake nzima, kioo chake kizima, itakwenda jalalani kwa kosa la mpira.

Siku hizi watengenezaji wa vifaa tiba wanabanwa kuhusu mazingira, na maboksi yameanza kuchorwa majani ya kijani. Usinunue jani. Kifaa kisichochafua ni kile kinachodumu, kinachokubali spea na kisicho na sumu tumboni. Mwenye pesa ya kuungaunga ana bahati hapa, kwa sababu mara nyingi kifaa hicho hicho ndicho nafuu ukipiga hesabu ya miaka mitatu. Nimesema mara nyingi. Pale ambapo sivyo, nitakwambia.

Bei nitakazotaja ni nilizoulizia Kariakoo na kwenye maduka mawili ya dawa mtaani kwetu, Dar es Salaam. Zako zitapishana na zangu, kwa hiyo shika hesabu yenyewe na tarakimu weka za kwako.

Tuanze na presha, maana ndiyo inayowaingiza watu wengi dukani kwa haraka. Daktari kasema upime nyumbani, kliniki ni wiki ijayo, na hapo mbele yako kuna aina nne.

Ya kifundo cha mkono, ile kama saa kubwa, niliambiwa elfu arobaini. Ni ndogo na inaingia mkobani. Ila kifundo lazima kiwe usawa wa moyo wakati wa kupima; ukikilaza mapajani inasoma juu kuliko ukweli. Wazee wachache hulikumbuka hilo kila siku. Iache dukani, labda kama mkono wa juu ni mnene kiasi kwamba hakuna mkanda unaoutosha.

Ya kupampu kwa mkono, yenye saa ya mshale na stethoskopu, seti nzima elfu arobaini na tano. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi hawataiweza. Haili betri hata moja. Pampu ya mpira, mfuko wa hewa, kitambaa, vali, vyote vinauzwa kimoja kimoja kwa elfu chache chache, na kubadilisha ni kazi ya dakika tano bila bisibisi. Lakini inataka mtu wa pili mwenye masikio mazuri aliyefundishwa kusikiliza. Pia ukiiangusha, mshale unapotoka. Kabla ya kununua, toa hewa yote uangalie mshale umelala wapi: kama haujakaa kwenye sifuri, rudisha. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali anaweza kuilinganisha na saa nyingine kwa kuziunganisha kwenye mpira mmoja, na hilo linafaa kufanyika walau mara moja kwa mwaka. Nyumba yenye nesi au tabibu inunue hii na imalizane na mambo ya betri. Bibi anayeishi peke yake, hapana.

Aina ya tatu ni ile ndefu ya zebaki, yenye kioo kwenye kisanduku. Inauzwa mitumba, na anayeuza atakuapia kwamba hakuna sahihi kama hiyo. Kwa miaka mingi kweli ndiyo ilikuwa kigezo cha nyingine zote. Usinunue hata kwa elfu kumi. Ndani yake mna gramu 80 hadi 100 za zebaki, wakati mwingine zaidi, na nitarudi kwenye zebaki sasa hivi.

Inabaki ya nne, mashine ya umeme ya mkono wa juu. Hapa ndipo pesa ya wengi inapokwenda, na ndipo penye mitego.

Mtego wa kwanza ni betri. Chukua mashine mbili. Moja ni ile ya elfu 55, inayotumia betri nne ndogo za rimoti. Nyingine ni ya 110,000, inatumia betri nne za saizi ya saa ya ukutani. Fungua kitabu cha maelezo, ukurasa wa nyuma: ya kwanza imeandikwa seti moja inatosha vipimo kama 300, ya pili kama 1,000. Mtu anayepima asubuhi na jioni, mara mbili mbili, kila siku, atapima kama mara 4,380 kwa miaka mitatu. Mashine ya kwanza itakula seti 15, yaani betri 60. Ya pili seti 5, betri 20. Kwa betri za alkali za elfu sita seti ndogo na elfu nane seti kubwa, ya kwanza itafika 145,000 na ya pili 150,000. Zimelingana! Tofauti iliyobaki ni betri arobaini ulizotupa shimoni, na kwamba ule mpira uliogandishwa ukitoboka mwaka wa pili, ya kwanza inaruka hadi laki mbili.

Lakini je, unapima kila siku kweli? Wengi daktari anawataka wapime siku saba kabla ya kliniki, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili. Hivyo ni vipimo 28. Kama kliniki ni kila mwezi, kwa mwaka ni 336, kwa miaka mitatu ni kama elfu moja. Kwa mtu huyo betri si hoja, na mashine ya bei ya chini yenye usahihi uliothibitishwa inamtosha. Muulize daktari ratiba kabla hujaenda dukani, siyo baada.

Zipo pia zinazotumia waya wa chaji ya simu. Nilionyeshwa moja ya elfu 80. Ni wazo zuri, na umeme ukikatika unaichomeka kwenye pawabenki. Ila tazama chini ya mfuniko. Kama betri ya kuchaji imefungiwa ndani na haitoki, basi mashine ina umri wa betri hiyo, ikichoka imekwisha. Nzuri ni ile inayokubali waya na pia betri za kawaida. Zile zenye tundu la adapta yao maalumu, uliza adapta iko wapi. Mara nyingi picha yake iko kwenye boksi na yenyewe haimo, inauzwa pembeni.

Halafu betri za bure. Muuzaji anaposema anakuwekea betri, anakuwekea zile nyepesi za mia tano mia tano. Pampu ya presha inavuta umeme mwingi kwa mpigo na betri hizo zinachoka upesi, kisha zinavuja maji yake na kula vyuma vya mashine. Nimeona mashine nzima ya miezi sita imekufa kwa hilo. Kama huitumii mashine kwa wiki kadhaa, toa betri.

Mtego wa pili ni mkubwa kuliko betri, nao ni kipimo cha mkanda. Mkanda wa kawaida unatosha mkono wenye mzunguko wa sentimeta 22 hadi 32. Ukivalishwa mkono mnene zaidi ya hapo, mashine inasoma presha ya juu kuliko uliyonayo, na unaweza kuanzishiwa dawa ambayo huihitaji au kuongezewa ambayo umeshaizoea. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya bega na kiwiko. Shangazi yangu ni 36. Ile namba aliyosomewa pale kaunta ilikuwa 168 kwa juu. Tulipohamia duka la pili akakaa kitini dakika tano bila kuongea, akavalishwa mkanda mpana wa 22 hadi 42, ikatoka 151. Bado ni kubwa, lakini si habari ile ile.

Kwa hiyo mashine ya elfu 55 ambayo mkanda wake mdogo hautoki, kwake ilikuwa ya bure ghali. Mkanda mpana ukiuuliza peke yake unaambiwa elfu 25 hadi 35. Ongeza kwenye bei kabla ya kulinganisha.

Usahihi wenyewe unaujuaje? Alama ya CE kwenye boksi haikuhakikishii kwamba mashine imejaribiwa kwa watu kwa kulinganishwa na kipimo cha kuaminika. Tafuta maandishi ISO 81060-2, ndicho kiwango cha majaribio hayo, na ukiwa na bando ingia kwenye orodha ya STRIDE BP utafute namba ya modeli, siyo jina la kampuni tu. Kampuni moja inaweza kuwa na modeli iliyofaulu na nyingine ambayo haijawahi kupimwa, zimefungwa maboksi yanayofanana. Vilevile angalia kama kifaa kinatambuliwa na mamlaka: Tanzania ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Na siku ya kliniki nenda na mashine yako. Mwombe nesi apime kwa yao, kisha kwa yako, mkono uleule, kwa kupishana dakika mbili tatu. Hiyo haina malipo.

Sasa zebaki. Mwaka juzi nilikuwa na kipimajoto cha kioo nilichonunua elfu tatu, kikaniponyoka kwenye sakafu ya saruji. Vidonge vya fedha vikatawanyika, vinang'aa, vinakimbizana, na watoto wakapiga magoti kuvisukuma kwa vidole kama gololi. Mimi nikaenda kuchukua ufagio. Ni kosa nililolijua baadaye: ufagio unavikata vidonge kuwa vidogo zaidi na kuvisambaza kwenye nyufa, na zebaki hewani ndiyo hatari, inatoa mvuke usioonekana wala kunuka, na inashambulia mishipa ya fahamu na figo. Toa watoto kwanza. Fungua madirisha. Sukuma vidonge kwa kadi ngumu mpaka viungane, vilivyobaki vinase kwa selotepu, weka vyote kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Usimwage kwenye sinki wala chooni.

Kipimajoto kimoja kina kama gramu moja tu. Lakini viwanda vilitengeneza mamilioni, na ndiyo maana vipimajoto na mashine za presha za zebaki ziliandikwa kwenye Mkataba wa Minamata. Mkataba huo umepewa jina la ghuba ya Japani ambako kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba ulipitishwa 2013, ukaanza kufanya kazi 2017, na uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vifaa hivyo, isipokuwa kwa nchi zilizoomba muda zaidi. Sisi wa huku zebaki tunaijua kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita na Chunya. Huko ndiko inakomwagika nyingi. Hilo halikifanyi cha nyumbani kwako kuwa salama. Ukikuta bado kinauzwa elfu tatu, ni mzigo wa zamani unaotafuta pa kufia.

Badala yake, cha umeme cha elfu sita. Hapa jicho lako liwe kwenye nyuma ya kifaa: kuna chenye kifuniko kidogo cha kubadilishia betri ya kifungo, na kuna kilichozibwa kabisa, kikiisha unatupa. Vinapishana elfu moja au mbili. Chukua chenye kifuniko. Na betri ile ya kifungo, iwe nzima au imekufa, iweke mbali na mtoto. Akiimeza inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, ni ya kukimbilia hospitali bila kusubiri asubuhi.

Cha kuelekeza kwenye paji la uso, elfu 45, kinakuuzia haraka tu. Jasho, jua na upepo wa feni vinakidanganya. Zahanati yenye foleni inakihitaji. Nyumba yenye mtoto mmoja haikihitaji. Kipo pia cha kioo kisicho na zebaki, chenye mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati. Hakili betri, hakina sumu ya zebaki, kinaweza kudumu miaka mingi usipokiangusha. Kasoro yake ni kwamba kinataka kukung'utwa kwa nguvu ili kishuke, na kukipata ni bahati: maduka manane niliyoingia, lilikuwa nacho moja. Muulize muuzaji akuonyeshe maandishi, maana kwa macho kinafanana na cha zebaki kama pacha.

Kwa sukari mambo yamegeuzwa. Mashine ni chambo, vijiti ndiyo biashara. Wengine wanakupa mashine karibu bure, kwa sababu kila mashine inakubali vijiti vyake tu, na kuanzia siku hiyo wewe ni mteja wao.

Kwa hiyo anza na vijiti. Uliza bei ya boksi la 50 kabla ya kuuliza bei ya mashine. Nilipata mashine ya 30,000 ambayo vijiti vyake ni 35,000, na ya 60,000 ambayo vijiti vyake ni 22,000. Kijiti kimoja kwa hiyo ni shilingi 700 dhidi ya 440. Anayepima mara moja kwa siku anahitaji maboksi nane kwa mwaka: 280,000 upande mmoja, 176,000 upande wa pili. Ile elfu thelathini uliyoongeza kwenye mashine inarudi ukimaliza boksi la tatu.

Swali la pili: vinapatikana wapi? Tembelea maduka matatu ya dawa unayoyapita ukienda kazini au sokoni. Kama vijiti viko duka moja tu Kariakoo na wewe unaishi Kibaha, weka nauli kwenye hesabu. Weka na siku ambayo vitakuwa "vimeisha, njoo Alhamisi".

Kuna hasara nyingine inayojificha kwenye kifuniko. Chupa ya vijiti ikishafunguliwa ina muda wake, nyingi miezi mitatu hadi sita, bila kujali tarehe kubwa iliyoandikwa ubavuni. Anayepima mara mbili kwa wiki atatumia vijiti 26 ndani ya miezi mitatu. Vingine 24 anavitupa, au anavitumia vikimdanganya. Mtu huyu anunue boksi la 25, au vile vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya bati. Hivyo vya kufungwa vina taka zaidi kwa kila kipimo, nakubali, lakini kijiti kizima kilichotupwa bila kutumika ni taka kubwa kuliko karatasi yake. Na joto letu linaviua: vichupa vingi vimeandikwa visizidi nyuzi 30, na kwenye dashibodi ya gari Februari huko ni kuvichemsha. Funga kifuniko papo hapo, weka mahali penye kivuli, usiweke friji. Vijiti vya punguzo kubwa, soma tarehe kwanza.

Zawadi ya kutoka nje nayo ina mambo yake. Jirani yetu alitumiwa mashine na mwanawe aliyeko Marekani. Akapima asubuhi, ikasoma 126. Yeye kazoea sukari kuitwa 7 au 8, nusura aanguke pale sebuleni. Marekani wanapima kwa miligramu, sisi kwa milimoli. Gawanya kwa 18 na 126 inakuwa 7. Alipotulia akakuta vijiti vya mashine ile hapa havipo. Ukiulizwa na ndugu aliye ughaibuni akutumie nini, mwambie atume pesa ya vijiti, mashine nunua hapa. Na adapta za kwao, soma nyuma kabla hujachomeka: kama imeandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza.

Sindano za kutobolea kidole ni za mtu mmoja, mara moja. Mashine ya presha mnaweza kuchangia nyumba nzima, hata majirani wawili mkachanga. Kalamu ya kutobolea kidole haichangiwi kamwe, kwa sababu ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa ipeleke kituo cha afya. Usichome moto nyuma ya nyumba pamoja na mipira na vichupa. Plastiki ya PVC ikiungua ovyo inatoa dioksini, na moshi unaanzia kwako.

Wenye pumu niwape maneno machache, kwa sababu kwao ushauri wa mazingira na ushauri wa mfuko havikubaliani moja kwa moja. Inhela ya kupuliza inasukumwa na gesi, na iliyozoeleka ni ile ile fundi AC wa gari anaiita 134. Gesi hiyo inapasha dunia joto kama mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule, na imo kwenye zile ambazo nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Ipo inhela ya unga isiyo na gesi kabisa. Lakini ni ghali zaidi, haipatikani kila duka, na inataka pumzi ya nguvu ambayo mtoto mdogo au mtu aliyebanwa hana. Usibadilishe kwa ajili ya hewa ya dunia kabla daktari hajaiona hewa yako.

Panapookoka pesa na gesi pamoja ni kwenye kutopoteza mipuko. Ukipuliza moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inabaki kooni. Ukipuliza kupitia chombo cha kati, inafika kifuani. Chombo hicho dukani kinafika elfu 30 au 40. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni, ilifanya kazi sawa na cha kununua kwa watoto. Mwombe nesi akutengenezee ya kwanza uone. Na inhela isiyo na kihesabio, iandikie kwa kalamu tarehe uliyoianza: mipuko 200, ukitumia minne kwa siku, ni siku 50. Kuitikisa ukasikiliza hakukwambii kitu, gesi inabaki hata dawa ikiwa imekwisha.

Imebaki risiti. Muuzaji atakupa bei mbili, ya na risiti ya EFD na ya bila risiti, na ya bila itakuvutia kwa elfu tano au kumi. Kwa kipimajoto, amua mwenyewe. Kwa mashine ya laki moja yenye waranti ya miaka miwili, kuacha risiti ni kuuza waranti kwa elfu kumi. Ukipewa, ipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi zile zinafifia kabla waranti haijafika nusu. Na uliza waranti inatekelezwa wapi: hapa kaunta, au unatakiwa utume kifaa nje ya nchi kwa gharama yako? Waranti ya namna ya pili ihesabu kuwa haipo.

Chini ya boksi utaona picha ya pipa la taka lililopigwa msalaba. Maana yake usikitupe na maganda ya ndizi. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea vifaa vya namna hiyo, Rwanda wana kiwanda cha kuchakata taka za elektroniki Bugesera. Kwetu, kabla hujatupa, muulize fundi wa redio au wa simu kama anataka mashine iliyokufa kwa spea. Wa mtaani kwetu alichukua tatu na akanilipa soda.

Shangazi alinunua mashine ya elfu 85 kwenye lile duka la pili: mkanda mpana unaotoka, betri za kawaida, modeli imo kwenye orodha, risiti ya EFD. Bei ya kuanzia ilikuwa 95,000. Hakupata adapta, na kwa vipimo 28 kwa mwezi haihitaji. Alkali nne, elfu nane. Jumla 93,000, na kwenye laki aliyopewa na mwanawe ikabaki nauli na dawa ya mbu. Betri nyepesi za bure alizozawadiwa na muuzaji alizichukua zote nne. Moja iko kwenye saa ya ukutani, inakwenda vizuri.